Taa Zinazozimwa kutoka Mbali

9 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, mguu wa kushoto bado mzito, na kumbukumbu zake zinaingia na kutoka kama paka wa jirani. Asubuhi anakutaja mpaka saa uliyozaliwa. Mchana ananiuliza kama umeshaota meno. Mimi nashona. Nimepata kazi ya mapazia ya daktari wa meno, madirisha yote ya kliniki, mbele na nyuma.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Tunaanza na habari za huko, tunamalizia kwa kufokeana, na Mama akisikia sauti yangu imepanda anasukuma sahani, hali tena mpaka kesho. Simu tuiachie dharura. Mengine tuandikiane, karatasi angalau haimkatizi mtu maneno.

Sasa sikiliza. Ulipokuja likizo Januari ulitufanyia mambo makubwa, sikatai. Taa, feni, mapazia ya chumba cha Mama, pampu ya maji, geti, vyote ukaviunganisha na hiyo kompyuta uliyoiweka sebuleni, pembeni ya cherehani yangu. Ukaniambia, "Dada, sasa utaiendesha nyumba ukiwa umekaa." Ndugu yangu, tangu uondoke sijakaa. Zamani nikitaka taa nilinyoosha mkono ukutani. Sasa swichi umezing'oa na matundu yake umeyaziba. Nikitaka taa ya jikoni naacha sufuria motoni, naenda sebuleni, naiamsha kompyuta, inaniuliza neno la siri, naliandika, inakataa, naliandika tena, inakubali kwa shingo upande, inaniletea picha ya nyumba yenye vitufe vidogo kama mbegu za nyanya, vya kijivu juu ya kijivu. Nikirudi jikoni chakula kimeungua. Juzi nilitaka kumwashia Mama feni, nikafungua geti. Mbwa asiye na mwenyewe akaingia mpaka chumbani, Mama akamkaribisha kiti.

Taa ya cherehani ndiyo inayonimaliza. Inapungua yenyewe katikati ya kazi. Pindo la mapazia limeenda kombo, daktari wa meno kayarudisha yote. Tangu nianze kushona sijawahi kurudishiwa kazi.

Naomba swichi zangu. Na useme unakuja lini. Mama anauliza.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole na kumuuguza Mama, pole na kazi. Mimi mzima. Kazini mambo ni moto, mkubwa wangu hanipi hata nafasi ya kupumua, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Barua yako ningeweza kuisoma nikiwa nimesimama upande wa pili wa barabara, kwa maandishi makubwa uliyotumia. Umenirudisha darasa la kwanza?

Tuje kwenye programu. Dada, haina kasoro. Niliijaribu kifaa kwa kifaa kabla sijaondoka. Kinachokusumbua ni mazoea tu. Neno la siri linaanza na herufi kubwa, nilikuambia. Ukiona kitufe ni cha kijani, kifaa kimewaka, kijivu, kimezimwa. Ukitaka feni, bonyeza chumba kwanza, halafu kifaa, halafu usubiri kidogo. Usibonyeze tena na tena kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, utaichanganya.

Taa ya cherehani haipungui yenyewe. Naipunguza mimi. Mchana jua lipo, ya nini kuunguza umeme? Kwenye kompyuta yangu huku naiona nyumba nzima kama niko sebuleni: taa gani inawaka, maji yamefika wapi kwenye tangi, geti limefunguliwa lini. Nikikuta kitu mmekisahau, nakirekebisha. Huo ni msaada, Dada, si uchokozi.

Na hapo nina swali. Kila Alhamisi geti linafunguliwa asubuhi, halifunguliwi tena mpaka alasiri. Unakwenda wapi? Mama anabaki na nani?

Mbusu Mama. Mwambie kitinda mimba wake anamkumbuka.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Alikohoa sana wiki iliyopita, sasa kumepoa. Salamu zako nimempa. Kasema, "Kitinda mimba gani? Yule si yuko shule?"

Alhamisi ni yangu. Mama anabaki na mke wa jirani mchomelea vyuma, mtu mtulivu, na siku hizi anamjua Mama kuliko unavyomjua wewe. Zaidi ya hapo usiniulize. Nepi zako nimebadilisha mimi. Sijafikia umri wa kukuaga nikitoka.

Ati taa unaipunguza wewe! Mtu yuko mbali huko, hajui kama mbingu zetu leo zina mawingu au hazina, anaamua mimi nione kiasi gani. Ungekuwa umekaa hapa sebuleni ungenyanyuka ukanizimia taa nikiwa nashona? Ungethubutu?

Halafu hiyo programu yako isiyo na kasoro. Jumatatu nimeamka nakuta imejibadilisha. Vitufe vilivyokuwa kushoto vimehamia chini, picha ya nyumba haipo tena, yamebaki maneno matupu, tena madogo kuliko mwanzo. Ikataka neno la siri jipya, lenye tarakimu na alama. Nikakosea. Nikakosea tena. Ikaniambia nisubiri. Nisubiri nini, nyumbani kwetu? Mama akashinda gizani na joto lote lile, kwa sababu mapazia yake yanasikiliza kompyuta, hayasikilizi mkono. Niliyavuta kwa nguvu, reli ikalia, hayakusogea. Mimi mshona mapazia, nimeshindwa kufungua pazia. Cheka. Mimi sikucheka.

Na mimi nina swali langu. Mchana wa siku za kazi taa za baraza zinawaka na kuzimika. Pampu inaguna, inanyamaza. Feni inazunguka chumba kitupu. Jumanne, Jumatano, kila siku. Najua ni wewe. Huyo mkubwa asiyekupa nafasi ya kupumua, nafasi ya kuchezea feni anakupa?

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha Mama kimeisha.

Sitabishana. Wiki iliyopita kompyuta yangu ilinipa onyo kwamba geti linasukumwa kutoka ndani. Nikatazama kamera niliyoifunga pale getini, nikamwona Mama peke yake, kashika upindo wa gauni, anataka kutoka. Wewe ulikuwa bafuni au wapi, sijui. Kwa hiyo nimeamua. Kuanzia sasa geti litakuwa limefungwa muda wote. Mtu akitaka kutoka, alifungue kwenye kompyuta. Akitaka kuingia, aandike namba kwenye kile kibao nilichokibandika nguzoni. Akikosea mara kadhaa kibao kitajifunga, mpaka nikifungue mimi. Namba iko nyuma ya karatasi hii. Ikariri, kisha uichane.

Ni kwa usalama wa Mama. Habari ya swichi tuifunge hapa.

Na mambo ya kazini kwangu niachie mwenyewe.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Mama yuko hai. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Alhamisi nilirudi alasiri. Mke wa jirani alikuwa ametoka mara moja kumchukua mwanawe shuleni, kamwacha Mama amelala, na geti likajifunga nyuma yake. Nikaandika namba kwenye kibao chako. Kikalia vibaya. Nikaandika tena, kikalia vibaya. Mwisho kikawaka taa nyekundu, kikanyamaza. Ukikibonyeza ni kama unabonyeza jiwe.

Nikakupigia simu. Ile ya dharura. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena.

Mama akaamka. Nikamsikia kutoka ndani, "Nani huko nje?"

"Ni mimi, Mama. Kaa hapo hapo, usije."

"Mbona huingii?"

"Geti limekwama."

"Basi nakuja kukufungulia."

"Mama, usije! Kaa!"

"Mwanangu akae nje na mimi nipo?"

Nikasikia fimbo yake barazani. Nikasikia fimbo inaanguka. Halafu nikamsikia yeye. Sitakuelezea ile sauti. Kupitia upenyo wa geti niliona kipande cha gauni lake sakafuni, sikuona kingine, na sikuweza kumfikia. Nililipiga lile geti mpaka mikono ikafa ganzi.

Mchomelea vyuma alisikia, akaja mbio na mashine yake, akakata bawaba. Aliniambia, "Sogea, cheche zitakuunguza," nikashindwa kusogea, akanivuta kwa mkono kama mtoto. Tulimkuta Mama anajaribu kukaa. Mkono umevimba, paji la uso limechubuka. Hospitali wamempiga picha, hakuna mfupa uliovunjika. Na unajua alichoniambia njiani? Aliniomba radhi. Yeye! "Samahani mwanangu, nimechelewa kukufungulia."

Geti lako liko chini, limeegemea ukuta. Kompyuta nimeichomoa. Jioni tunatumia taa ya kuchaji.

Sikukupigia simu kwa mchezo. Ulikuwa wapi?

Dada yako


12 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana sijui mara ngapi.

Nilikuwa kwenye usaili. Simu zetu zilikusanywa mlangoni. Ndiyo, usaili wa kazi. Niliporudi kutoka likizo nilikuta mezani kwangu kakaa mtu mwingine, na vitu vyangu vimewekwa kwenye boksi. Tangu hapo nashinda chumbani, kitanda upande huu, kompyuta upande ule. Nilishindwa kuwaambia. Nikibonyeza hapa na kuona taa yenu ya baraza imewaka kule, nilijiona bado kuna mahali ninapohitajika. Kwenye habari ya feni umenishika pabaya.

Na hiyo kazi ya usaili nimeikosa.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Baada ya barua yako nilifungua picha za kamera ya geti. Nitasema kweli: nilitaka nipate ushahidi kwamba umekosea namba, ili nikuandikie kwamba programu haina kosa. Na ulikosea. Nimeona. Ila nimekuona na wewe. Umeusogeza uso mpaka pua inagusa kibao. Kidole kinapapasa pembeni ya namba, kinatafuta, kinabonyeza pasipo na kitu. Na ilikuwa alasiri, Dada, jua limewaka, kila kitu kinaonekana. Nimeitazama mpaka nikaizima.

Nilikucheka maandishi yako. Nikakuambia tatizo ni mazoea. Nikakupunguzia taa.

Unaona kiasi gani? Alhamisi unakwenda wapi? Safari hii sikuulizi ili nikuchunge.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Mkono wa Mama unapona. Bado anamwuliza kila anayeingia kama geti limefunguliwa.

Pole na kazi. Ungesema. Tungekugawia tulichonacho, hata kama ni lawama tu.

Ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Mimi ambaye sijazaa nimepewa mapacha. La kulia naona kama kwenye kioo kilichopuliziwa pumzi. La kushoto naona mwanga na kivuli, basi. Alhamisi ni siku ya kliniki ya macho. Daktari anasema upasuaji wenyewe ni mdogo, watu wanatoka wanasoma magazeti. Lakini baada yake nisiiname, nisiinue kitu kizito, mpaka jicho litulie. Na mimi kila asubuhi namwinua Mama kitandani, namwinua bafuni, namwinua kitini. Mke wa jirani ana mgongo mbovu. Basi nimekuwa nikiahirisha. Mara ya mwisho daktari alikasirika: "Unasubiri nini, mpaka yakomae kama maembe?"

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ungeniletea mashine nyingine, Mdogo wangu. Ya kumwinua Mama. Na kitufe chake.

Na niliogopa wateja. Nani atampa kitambaa mshonaji asiyeona? Daktari wa meno nilimwambia taa ndiyo mbovu, nikakuandikia na wewe hivyo hivyo. Taa ilikuwa mbovu kweli, lakini na mimi nilikuwa mbovu.

Nimechoka. Nimechoka na kompyuta, nimechoka na geti, nimechoka kujifanya naona. Kazi huna, na hapa kazi ipo. Sitaki uniwashie taa. Njoo umwinue Mama.

Dada yako


17 Agosti

Dada,

Shikamoo. Namwomba shoga yako unayekaa kwake mpaka macho yatulie akusomee barua hii polepole, na asiruke pale utakapoanza kunicheka. Tumefurahi sana jicho la kulia limefanikiwa. La kushoto nalo Mungu atajalia wiki ijayo. Usiiname, usibebe chochote, na usiwashonee watu huko; nakujua.

Mama anakula. Anaukataa uji wangu, anasema una madonge, na ana haki. Mke wa jirani hupita asubuhi kuona kama bado tuko hai. Jirani mwenyewe amelirudisha geti kwa bawaba mpya na komeo la kawaida.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Siku ya pili baada ya wewe kuondoka nilikuwa namwogesha Mama. Ana povu kichwani, nimemkumbatia kwa mikono yote miwili asiteleze. Taa ikazimika. Dada, niliipanga mwenyewe hivyo: chumba kikiwa hakuna mtu anayejongea, taa ijizime. Na sisi tulikuwa hatujongei, maana nikijongea Mama anaanguka. Kompyuta, niliyoichomeka tena nilipofika, iko sebuleni. Nikabaki gizani, maji yanamwagika, Mama analalamika povu limemwingia machoni. Nikatoa mkono mmoja nikaanza kuupunga hewani kama kichaa ili mtambo unione. Ukawasha. Mama akanitazama, akaniuliza, "Unampungia nani?" Ukazima tena.

Nimeitukana ile programu kwa lugha zote ninazojua. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeipanga.

Nimeanza kuvibandua vyote. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, kumbe kubomoa nilichojenga ni kugumu kuliko kujenga. Taa nimezirudishia swichi, ila ya jikoni inawasha ya bafuni na sijajua kwa nini. Injini ya mapazia ya Mama ilikataa kutoka, nikaing'oa pamoja na reli na kipande cha ukuta. Kwa sasa dirisha lake limefunikwa shuka. Usije ukamwambia mtu kwamba hii ni nyumba ya mshona mapazia.

Kazi bado sijapata, na sijui nitarudi kule au nitabaki. Hilo tulizungumze ukirudi, hata kama ni kwa kufokeana. Mama nitampeleka kwa jirani kwanza.

Yeye hanijui, Dada. Ulinionya, lakini kuonywa ni kitu kimoja. Kwake mimi ni fundi wa umeme, tena fundi mwenyewe wa kuchelewesha kazi za watu. Ananihesabia maji ya kunywa, ananiuliza kama nyumbani nimeacha mke. Nilijaribu kumwambia mimi ni nani, akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mgeni aliyekosea nyumba. Nimeacha kumwambia.

Jana nilikuwa juu ya ngazi pale barazani, nafunga balbu. Akaja na fimbo yake, akanishikia ngazi kwa ule mkono mzima. Halafu akasema, "Fundi, wewe unatembea sana. Ukimkuta mwanangu huko mbali, mwambie arudi. Mwambie sijamkasirikia."

Nikasema nitamwambia.

"Usisahau. Nyie mafundi mnasahau."

"Sitasahau, Mama."

Nikashuka nikakaa kwenye ngazi ya chini, nikashindwa kuendelea na kazi. Akaniinamia, akanishika bega, akaniuliza kama umeme umenipiga.

Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Mdogo wako